Usukani wa Bi Rukia

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi kwa Bi Rukia mara ya pili. Usukani wake bado umelala.

Bi Rukia anafundisha wanawake kuendesha gari. Wengi huogopa kuanzia barabarani, kwa hivyo amenunua usukani wa mtumba, ule wa michezo ya mbio za magari, akaufunga mezani ukumbini mwake, hapa Mji wa Kale, mbele ya skrini. Ndani una mota. Gari la kwenye skrini likipita shimo, mkono usikie shimo. Likiteleza, usukani uvute. Kazi yangu ni kupanga ile nguvu ya kuvuta. Programu inakwenda toka sifuri hadi mia.

Nimeweka hamsini. Nimeshika, nimeendesha. Shimo lapita, nalisikia kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Nimechomoa kila waya na kuurudisha. Wapi. Chai yake nzuri. Vikombe vitatu, na bado kiu.

Jumanne, 4 Februari

Sabini.

Mwanaidi, mwanafunzi wa Bi Rukia mwenye mtihani wa leseni wiki ijayo, ameendesha dakika mbili akasema usukani unamnyang'anya mikono. Nikamwambia ashike kama mtu aliyekula. Amecheka, lakini hakurudi kitini.

Hawa wanataka usukani wa pamba. Barabara ya Digo haina pamba. Nimeudhika mchana kutwa, hata sijui kwa nini hasa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeufungua wote. Mota safi. Mkanda hauna ufa. Nimepaka grisi, nimefunga. Nimeuzungusha kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ili programu ijue katikati ni wapi. Imejua.

Nimeweka tisini. Afadhali. Sasa nasikia kitu. Bado si vile nitakavyo, ila nimechoka kubishana na mota.

Sikutulia. Nimekwenda sokoni Marikiti bila haja, nimerudi, nimekwenda tena kununua ndimu. Njiani muuza viazi ameniita: "Fundi, kiatu!" Ndara ya kushoto nilikuwa nimeiacha hatua kumi nyuma, natembea mguu mtupu na sina habari. Watu wamecheka, nami nimecheka. Ganzi hii ya miguu ni ya kukaa sana kitini. Miaka ishirini nimekaa kitini.

Ndimu nimezisahau pale pale kwa muuzaji.

Jumamosi, 8 Februari

Limetokea la kutokea. Mwanaidi amegonga ukuta kwenye skrini, usukani ukageuka kwa nguvu ukampinda kidole gumba. Kimevimba. Amelia. Mtihani ni Alhamisi.

Bi Rukia hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi yeye, akaendesha, akagonga ukuta makusudi. Mikono yake ikaruka. Akasema, "Haya fundi, kaa wewe."

Nikakaa. Nikagonga. Usukani ukageuka. Nauona umegeuka, lakini mkononi, kidogo tu. Nikasema, "Mwaona? Wa kawaida."

Hakuutazama usukani. Alinitazama mikono.

Nikamwambia fundi hapa ni mimi. Nikabeba begi langu nikatoka bila kuaga. Adabu gani hiyo. Mtu mzima mimi, nyumba ya watu.

Jumapili, 9 Februari

Dukani. Nalehemu redio ya jirani. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikazima umeme, nikatafuta waya. Sioni. Nikanusa redio, nikanusa swichi, nikachungulia chini ya meza.

Nilipoinua mkono wa kushoto ndipo nilipoona. Kidole cha kati. Ngozi imekuwa nyeupe, imejikunja. Kile chuma cha moto kilikuwa kimelala juu yake, na mimi natafuta kinachoungua kwingine.

Hakikuuma. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Kingeuma ningemshukuru Mungu.

Mamangu aliondoka duniani kwa ugonjwa wa sukari. Alianza na ganzi, akasema ni uchovu. Kisha wakamkata vidole vya mguu. Kisha mguu. Hii kiu yangu naijua ni ya nini. Nimeijua siku nyingi, nikajifanya sijui.

Naogopa. Nasema wazi maana hapa hakuna anisomaye. Redio, pasi, feni, simu, zote ni vidole. Sina kazi nyingine. Fundi asiyesikia kwa vidole atashika nini?

Mke wangu Zuhura ameuliza bandeji ni ya nini. Nimesema nimejikata na bati. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatatu, 10 Februari

Sikufungua duka. Nimezunguka. Mpaka mtaa wa Majengo, nikarudi, Majengo tena. Nimekutana na watu, nimewaamkia vizuri, sikumbuki hata mmoja.

Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda kwa Bi Rukia. Nimemwomba radhi, kisha nikamwambia: usukani ni mzima, mbovu ni mikono yangu. Nilidhani atasema najua. Alivuta kiti.

Mwanaidi alikuwepo, kidole kimefungwa. Mtihani ameuahirisha. Kosa langu, na nimemwambia hivyo. Akasema basi tuupange pamoja, maana mkono wa kushoto anao. Yeye akashika, mimi nikabonyeza. Tisini, akatikisa kichwa. Sitini, bado. Arubaini, karibu. Ishirini, umelala. Tukapanda polepole. Thelathini na tano akapita shimo, akatabasamu. "Hapo. Hapo ni gari."

Mimi nimeshika thelathini na tano. Sikusikia kitu hata kidogo. Nimefunga programu, nimekusanya vyombo. Nimeona haya na nimeona afueni, vyote kwa pamoja.

Mlangoni Bi Rukia akauliza, "Na Zuhura anajua?"

"Hajui."

"Basi kazi hujaimaliza."

Alhamisi, 13 Februari

Siku mbili nimelibeba mdomoni. Leo baada ya chakula cha mchana nimelitoa. Ndara, kidole, kiu, usukani, yote. Zuhura hakulia wala hakunilaumu kwa ule uongo wa bati. Aliinuka akaleta sindano yake ya kushonea.

Akanambia nifumbe macho nitandaze mkono wa kulia, huu wa kazi. Atanigusa kwa ncha, nami nitaje kidole. Gumba, nikasema. Nikangoja. Cha kati, nikasema. Cha mwisho, nikasema, na hili nilikuwa na hakika nalo.

Nikafumbua macho. Zuhura akanambia kati ya mara tatu nilizotaja, alikuwa amenigusa mara moja tu. Ile ya gumba.

Amefunga uzi kwenye sindano, ameichomeka mahali pake. Amesema kesho asubuhi ni kliniki, na tutakwenda pamoja. Sikubisha.