Beki Aliyeshonwa Mdomo

Belém, 16 Oktoba 1984

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mvua zikatike? Na nyati wako wa maziwa, bado wanavunja ua wa jirani? Mimi ni mzima, ila nina kovu mdomoni, na hilo kovu lina habari zake.

Najua ile fainali ya Juni uliisikia redioni, lakini mtangazaji hakuona yote. Mwishoni kipa wetu alikuwa keshalala chini, mshambuliaji wao akaachia shuti, nami sikuwa na cha kulizuia ila uso. Nikauweka. Mpira ukatoka, mdomo ukapasuka, kombe likawa letu. Uwanja mzima uliimba "Kufuli! Kufuli!", jina walilonipa kwa kuwa kwangu hapapitiki. Tangu hapo kinyozi hataki pesa yangu, na muuza samaki mmoja kambatiza bintiye Edivalda, kwa heshima yangu.

Muuguzi aliyenishona, Iracilda, ni shabiki wa wale tuliowafunga. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kulilia kombe. Akaniambia, "Tulia, Kufuli. Ningekuwa na uzi wa kutosha ningekushona mdomo wote." Nikacheka, uzi ukakatika, akaanza upya. Nilirudi kutolewa nyuzi. Kisha nikarudi tena, na nyuzi hazikuwepo.

Mama, nampenda. Baba yake, Seu Deocleciano, ndiye mpiga ngoma wa mashabiki wao. Nilipokwenda kuposa hakunipa hata kiti. Alisema afadhali binti yake aolewe na mamba kuliko na beki wetu. Iracilda akamjibu kwamba mamba hajaleta posa. Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akanisogezea bakuli la uji wa açaí.

Habari zikavuja. Kocha akanionya kwamba mashabiki wetu wataniita msaliti. Jumapili iliyopita niliingia uwanjani nikisubiri kuzomewa. Mara jukwaa la nyuma ya goli likaanza, "Kufuli kapata ufunguo!" na uwanja wote ukaitikia. Nililia, Mama, hadi mwamuzi akaniuliza kama naumwa.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu. Iracilda ni mjamzito. Utapata mjukuu mwezi Mei, panapo majaliwa. Najua utafoka kabla ya kufurahi. Foka, nastahili, ila umalize mapema, maana Jumamosi ya wiki ijayo tunapanda meli kuja Soure, utubariki kabla ya harusi. Seu Deocleciano keshanunua jezi ya mtoto, ya timu yake, na mimi nimenyamaza.

Huyu mwanamke hajaogopa baba yake, wala mashabiki elfu thelathini. Anakuogopa wewe tu. Mpokee kwa sauti ya chini.

Msalimie shangazi Osmarina, na majirani wote, hata wenye ua.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Edivaldo