Mbatata za Sattar

Majengo, Mombasa
9 Septemba 1948

Kwa ndugu yangu Abdulghafur, huko Voi,

Nakusalimu salamu nyingi, wewe na mkeo na wote mlio nyumba moja. Huku tu wazima, ila jino langu moja lanisumbua, nalo halinizuii kitu. Juzi nimebeba magunia mawili kwa mpigo kutoka Makupa, watu wakasimama kutazama. Barua yako ya kumuulizia mjukuu wako imefika. Nitakueleza, lakini niache nianzie pale habari ilipoanzia.

Unamjua Sattar mwenye duka. Shamba langu la bondeni, nililolilima miaka mitatu, alimwendea mwenye ardhi kwa siri akalikodi yeye, apande mbatata za kuuzia meli. Kisha akaniajiri mimi nimwagilie maji. Mbele ya watu barazani akaniita Mzee Ndoo, wakacheka. Mimi, niliyelima mbatata Molo hata Mzungu mwenye shamba akawa ananiuliza mimi. Nikacheka nao. Moyoni nikasema, utanijua.

Akaleta mbolea ya gunia, nyeupe kama chumvi, asijue hata yashikwaje. Akaniuliza atie kiasi gani. Kiasi chake ni kidogo tu cha ncha za vidole, mara moja, na maji ya kulowesha udongo. Nikamwambia konzi tatu kila shina, kila wiki, na mifereji ijae asubuhi na jioni. Akasema, Gharib, kumbe kazi waijua. Nikamwambia, naam bwana.

Ndugu yangu, majani yalipanda mpaka mbuzi wa jirani yetu Chirau akapotea humo siku mbili. Sattar akaleta wageni wajionee, akawapa sharubati. Siku ya kuchimba nilivaa kanzu ya Idi. Jembe la kwanza, mizizi mitupu. La pili, vidude kama zambarau. Shamba zima halikujaza kikapu kimoja. Watu wakacheka, nami nikawazidi wote, nikamwambia Sattar labda mabaharia hawa hula majani. Utamu ule sikuuonja hata siku ya harusi yangu.

Sasa habari ya mtoto. Binti yako Dama hakuwa na maziwa ya kutosha, akawa amkorogea mtoto maziwa ya kopo kwa maji ya kisima kilicho chini ya shamba. Mwezi uliopita midomo ya mtoto ikageuka samawati, na kucha vile vile. Tukadhani maji ni machafu, tukayachemsha, mtoto akazidi. Tukachemsha tena mpaka yakabaki nusu. Daktari ndiye aliyetuzuia. Alisema mbolea imeyeyuka, imeshuka na yale maji mengi kupita kwenye mawe mpaka kisimani, na kuchemsha huizidisha ukali. Alhamdulillahi, tangu apewe maji ya bomba rangi imemrudia.

Anayeleta maji hayo ni Sattar. Kila asubuhi huja na madebe mawili begani mwenyewe, huyaweka mlangoni, na Dama hamjibu salamu. Mkweo, mume wa Dama, ameapa kumvunja mguu. Wazee nao wameniita Ijumaa baada ya sala nishuhudie kwamba mbolea ilikuwa yake. Jana Sattar aliniambia, Gharib, we sema kweli tu, mimi sikujua.

Mpaka leo hajui. Mbolea ilikuwa yake, kiasi kilikuwa changu. Na kisima kile nilikichimba kwa mikono yangu, najua maji ya shamba huingilia wapi. Nilimfikiria Sattar tu; sikumfikiria anayeteka.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu nikianzia barazani nitaipamba mpaka nitoke shujaa. Kwa mtoto, nisamehe ukiweza. Na kama mkweo ataka mguu wa kuvunja, aje achukue wangu. Kwa shamba, Sattar sijamsamehe. Madebe yake yale nayachukia kuliko kitu chochote duniani, maana siwezi kuyarudisha. Ijumaa nitasema.

Nisalimie mkeo, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali.

Ni mimi kaka yako,
Gharib