Tanuri Lililowaka Tena

Dada yangu Febronia,

Huku jangwani hatujambo, na mizeituni imezaa hadi matawi yanainama. Nilipoingia monasteri hii ya miaka elfu moja na mia tano, tulikuwa watawa watano tu na nyoka wasiohesabika. Leo tuko arobaini. Kisima cha kale kimefukuliwa, na tanuri lililozimika zaidi ya miaka mia moja linawaka tena. Mwokaji ni mimi! Tembea kwa maringo, dada.

Siku ya kwanza nilisahau kutoboa matundu matano kuzunguka msalaba unaogongwa juu ya mkate, mikate ikafura. Mzee wetu, Baba Bakhum, akaniuliza, "Wisa, tumekuomba mkate wa ibada, wewe unatuokea mipira?"

Sasa nikwambie la Mama. Unakumbuka siku ya nadhiri yangu, nilipolala chini nikafunikwa pazia, wakaniimbia sala za maiti kama ilivyo desturi yetu watawa ya kuifia dunia? Aliondoka kabla sijafunuliwa. Miaka tisa hakunitamkia neno. Akiulizwa, hujibu, "Mwanangu nilishamzika."

Ijumaa alishuka kwenye basi la mahujaji kutoka Minya. Nilikuwa langoni nikigawa mikate. Akapokea wake bila kunitazama, akahesabu matundu kwa kidole, akamega, akatafuna taratibu. Kisha akawageukia wanawake wenzake, sauti juu:

"Jamani, mlishaona wapi maiti akaoka mkate mtamu hivi?"

Akaninyooshea mkono nimpe wa pili.

Ni mimi mdogo wako,
Mtawa Wisa, Maher wenu wa nyumbani