Rekodi ya Baba

Kaka Wade mpendwa,

Hapa Bonneville hatujambo. Uwanda wa chumvi wa mashindano ya kasi umekauka vizuri mwaka huu, na Mama ametuletea pai za pichi.

Jana nilivunja rekodi ya kasi kwa ile pikipiki kuukuu ya Baba, Norton. Niliposhuka, Baba alichomoa plagi ya injini, akaitazama rangi yake kujua inavyochoma mafuta, akacheka.

"Mwanangu, bado ina nguvu! Nikigusa kabureta kidogo, kesho utaongeza maili tano."

Nikavua helmeti. "Baba, uliahidi hii ndiyo ya mwisho. Mimi naogopa. Sipandi tena."

Hakukasirika. Aliichukua ile helmeti, akaivaa yeye. "Basi pumzika, binti yangu. Nitapanda mwenyewe."

Wade, mzee ana miaka sabini na sita, na hata kikombe cha kahawa kinamtetemekea mkononi.

Nikamvua helmeti taratibu. "Inakubana, Baba. Acha nipande mimi."

"Nilijua tu," akasema, akanibusu kwenye paji la uso.

Sasa kumekucha, injini imeshawaka, naye ananiita. Ukimpigia simu, usimwambie kwamba nimekuandikia.

Dada yako,
Lorna