Aliyepiga Amefumba Macho

New Orleans, 8 Machi 1954

Mwanangu Anatole,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti yananigomea. Natumai baridi ya Chicago haijakumaliza. Baba yako kifua kimembana, tarumbeta lake amelitundika ukutani, na Jumatatu hata maharagwe mekundu, chakula chetu cha kila Jumatatu, aliyaacha kwenye sahani. Sina haja ya kukuficha: anakufa.

Anataka bendi ya kumzika uiongoze wewe, toka kanisani hadi makaburini. Nilimwambia, "Honoré, wapiga tarumbeta wamejaa mtaani hapa." Akasema, "Wamejaa, lakini hawakuzaliwa kwangu."

Mama yako,
Eulalie

Chicago, 21 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima, ila roho imenywea. Mwambie baba nitakuja, nitampigia hata midomo ichanike.

Asihofu kwamba hoteli imeniharibu, ingawa imenibadilisha. Tunapiga muziki watu wakila, na meneja anataka vijiko visikike kuliko sisi. Nafasi yangu ya kupiga ninayobuni mwenyewe ni nusu dakika, kisha mpiga kinanda ananikanyaga mguu nirudi kwenye wimbo. Tena sisi weusi tumekatazwa kuwatazama wageni, hasa wake zao. Basi napiga nimefumba macho. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi humo gizani ndimo ninamokuta sauti ambazo sikuwahi kuziota huko nyumbani. Wenzangu wananiita Kipofu, nami nacheka nao.

Mwanao,
Anatole

New Orleans, 2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo kwa kujikongoja. Nimemsomea baba yako. Alicheka, akakohoa, halafu akasema: "Mwambie barabara si hoteli. Huku hapigi ya moyoni mwake, anapiga kwa kufuata miguu ya wafiwa. Wakichoka apunguze. Mjane akiwa bado ameshika gari la maiti, ule wimbo wa pole, wa huzuni, auvute hata saa nzima. Akishaachia, gari likapita, hapo ndipo mpiga ngoma wetu, Cosme, atoe leso inayofifisha mlio wa ngoma, uje wimbo wa furaha na watu wacheze. Atutazame."

Nimeandika kama alivyosema.

Mama yako

Chicago, 30 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Siku ya kumzika baba niliondoka makaburini bila kukuaga kwa sababu nilishindwa kukutazama.

Nilianza vizuri, nikitazama miguu kama alivyoagiza. Tulipofika getini, bendi ikagawanyika kupisha gari, nikafumba macho. Mazoea, mama. Wimbo wa pole ukanijia kuliko siku zote, na ulipokwisha ndani yangu nikajua baba amekwenda. Nikapandisha ule wa furaha. Mzee Cosme akang'oa leso akanifuata, maana ngoma haibishani na tarumbeta. Nilipofumbua, gari lilikuwa bado katikati yetu, nawe umeshika kioo chake.

Nijibu, hata kwa matusi.

Anatole wako

Chicago, 27 Juni

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili tangu mazishi. U mzima? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

New Orleans, 14 Septemba

Mwanangu Anatole,

Salamu. Habari za afya nitazileta mwishoni. Nilikaa kimya kwa kuwa sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Hasira haikuisha, basi naandika nayo.

Watu wanasema hawajasikia tarumbeta kama lile. Hata Cosme, akija kula, anasema ulipiga kama baba yako ujanani, kisha anakumbuka yuko kwa nani na kuinamia sahani. Lakini mimi nilikuwa nazungumza na mume wangu. Miaka thelathini na minne, na yalibaki maneno machache tu. Wachezaji wakanisukuma, mwavuli wa mtu ukanigonga bega, dereva akadhani nimeachia, akaondoa gari. Sasa kila asubuhi nayaanza maneno yale na sijui pa kuyapeleka.

Sikulaani. Wewe ni damu yangu, na nakupenda, na bado inaniuma.

Daktari amenipa hadi Krismasi. Siku ya kunizika uje, lakini tarumbeta uliache Chicago. Cosme atatafuta mtu. Wewe utabeba jeneza, mbele, upande wa kushoto, kwenye zile ngazi mbovu za kanisa. Mbebaji hana budi kutazama anapokanyaga.

Mama yako,
Eulalie