Moto Niliomnyima Mama

Jumanne, Juni 1954

Nilikataa moto ndani kwa sababu moshi ungechafua kuta nilizopaka chokaa. Nyumba yangu ina bati na madirisha ya vioo, na mama yangu mzazi amekuwa akitetemeka kwa baridi humo tangu aje kutoka kijijini Kate.

Leo nimetoka kazini mapema, nikakuta hayumo. Alikuwa jikoni kwa jirani, Mama Kalista, amenyoosha miguu karibu na mafiga.

"Huja kila siku ukishaondoka," jirani akaniambia. "Alinisihi nisikwambie, usije ukaona aibu."

Nikapiga magoti, nikamwahidi mama kwamba kesho nitajenga meko sebuleni.

"Vizuri, mwanangu," akajibu kwa upole. "Ila leo niache nilale hapa."

Nikamwacha. Sijui kesho nitamwamkia kwa uso gani.