Mama Mkwe Anataka Mti wa Kivuli, Mimi Nataka Maua ya Porini

Ruiru, Mei 1957

Kwako Mama Idah wa ukurasa wa wanawake,

Nisaidie mama, maana jambo hili limenilemea na hapa kijijini hakuna mtu ninayeweza kumwambia, nyumba zimebanana hivi kwamba ukikohoa jirani anakuambia pole. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka ishirini na sita, sina mtoto aliye hai, naishi na mama mkwe wangu Wangeci katika kijiji kipya tulikohamishiwa mwaka wa hamsini na nne, na kazi yangu ni kuchuma kahawa. Mume wangu Gichuru alichukuliwa mwaka huo huo akapelekwa kizuizini, na yeye ndiye mtoto wa pekee wa huyu mama.

Mbele ya mlango wetu kuna kipande cha ardhi cha upana wa mikeka miwili. Mwezi wa tatu mama mkwe aliomba pasi ya kwenda soko la Thika, akarudi jioni amebeba kichwani mche wa muringa aliouchimbua kando ya mto Chania, ameufunga kwa maganda ya mgomba ili usinyauke, na alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tuhamishwe. Akaniambia, “Gichuru akirudi atakuwa amechoka. Ataketi wapi, juani?”

Nikamwambia, “Maitu, mama yangu, muringa ni mti mkubwa, mpaka utoe kivuli cha mtu mzima ni miaka sita au saba, na hapa ulipo utaingiza mizizi ukutani, na nyumba ni ya udongo.” Nikamwambia pia kwamba mche mchanga unataka maji kila siku wakati wa kiangazi, mto uko mbali, na sisi tunafunguliwa geti saa chache tu. Nikamshauri tupande yale maua ya porini ya rangi ya machungwa, yenye shina la pembe nne na vichwa vya mviringo, ambayo tukiwa watoto tulikuwa tukiyachomoa na kunyonya utamu wake. Hayo huota hata penye changarawe, mbuzi hayali kwa sababu majani ni machungu, na ukitawanya mbegu sasa, kabla ya mwaka kwisha unaona rangi.

Akanijibu, “Maua ni ya kutazama. Mtu haketi chini ya ua.”

Nikasema, “Na mti ni wa kungoja.”

Akanitazama sana. Akauliza, “Kwani wewe humngoji?”

Mama Idah, mume wangu amekufa, na mimi najua na yeye hajui.

Mwezi wa kwanza alikuja mtu anaitwa Gerishon, walikuwa kambi moja na mume wangu, ameachiliwa. Alinikuta kwenye mstari wa kupima kahawa akaniita kando. Aliniambia Gichuru alifariki Agosti iliyopita kwa ugonjwa wa tumbo, yeye mwenyewe alimshika kichwa mpaka mwisho, na alikuwa mmoja wa waliomchimbia kaburi. Akanipa sweta ya kijivu niliyomfumia mwenyewe mwaka tulipooana. Hakuna barua yoyote ambayo imetufikia. Nilimsihi Gerishon asimwambie mtu, naye akakubali, akaenda Thika kutafuta kazi kiwandani.

Siku hiyo nilipofika nyumbani nilikuta mama mkwe amelala, anaumwa kifua, nikasema nitamwambia akipona, akapona, nikasema nitamwambia Jumapili, Jumapili ikapita, na kila siku niliyoiacha ilifanya inayofuata kuwa nzito zaidi, mpaka sasa ni miezi minne nakula naye sahani moja na sweta ya mwanawe iko chini ya mahindi kwenye pipa. Naye aliupanda ule mche mlangoni, na kila alipotoka mtoni na debe mgongoni, kabla hatujaosha hata uso, alikuwa akiumwagilia kwanza. Akiupima kwa kiganja alikuwa akiniambia umeongezeka kidole kimoja.

Mwezi wa nne, asubuhi moja alipokwenda kwenye kazi ya lazima ya kuchimba mitaro, mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa na homa. Niliuchomoa ule mche. Niliuvunja vipande nikautupa chooni. Aliporudi nikamwambia mbuzi wa Waceke ameula.

Waceke ni jirani yetu, mjane wa watoto wawili. Mama mkwe alikwenda kwake, wakarushiana maneno mazito, jambo likafika kwa hedimani, mkuu wa kijiji, na hedimani akasema mbuzi aondoke kijijini. Waceke alimuuza kwa mchinjaji. Wale watoto walikuwa wanakunywa maziwa yake. Siku hizi Waceke akiniona anageuza uso, nami sina la kumwambia.

Sasa mama mkwe anasema wiki mbili zijazo ataomba pasi tena, arudi Chania kuchukua mche mwingine, na safari hii atauzungushia miiba. Anataka niende naye. Nikimwacha apande, nitaangalia mti ukikua kwa ajili ya mtu ambaye hatakuja. Nikimwambia, naogopa atakufa, ana miaka zaidi ya sitini na hana kitu kingine. Je, si afadhali nishikilie hayo maua mpaka achoke na habari ya mti? Tafadhali badilisha majina yetu, yeye hajui kusoma lakini wengine wanajua.

Mimi mwenye mzigo.

JIBU LA MAMA IDAH

Binti yangu, kwanza pole. Umekuwa mjane tangu Agosti, na tangu Januari unajua, na kwa barua yako sioni mahali ulipolia hata mara moja. Umeficha kifo cha mumeo kwa mama yake na ukajifichia mwenyewe pia. Pole sana.

Sasa sikia mengine. Uliuchomoa mti wa mwanamke mzee kwa sababu ulishindwa kufungua mdomo. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la uchungu, nalielewa. La mbuzi silielewi. Watoto wa mjane wamekosa maziwa ili wewe usiulizwe swali. Usiniambie huna la kumwambia Waceke. Unalo, ila linaaibisha.

Unaniuliza mti au ua kana kwamba ni shauri la bustani. Basi nikujibu la bustani upesi tulimalize. Kila ulichosema juu ya muringa ni kweli: usipandwe karibu na ukuta wa udongo, na mwaka wa kwanza unataka maji. Lakini ukipandwa pembeni kabisa mwa uwanja, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, utajitafutia wenyewe. Ukikua utampa kivuli yeyote atakayekuwepo. Na maua yako ni mazuri, hayasumbui, yakikauka unakata mabua na mvua inayofuata yanarudi kwa mbegu zake. Yanaweza kukaa mlangoni. Hakuna kati ya hivyo viwili kilicho kibaya. Kibaya ni kumwacha mtu abebe maji huku wewe unajua.

Unasema atakufa ukimwambia. Hujui hilo. Unachojua ni kwamba wewe ndiwe unaogopa. Siku moja atasikia kwa mtu mwingine, kisimani au kazini, na siku hiyo atakuwa amepoteza mwana na mkwe kwa pamoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie kabla hajaomba pasi. Mwambie mchana, mkiwa wawili, wewe mwenyewe, usimtume Gerishon wala mzee wa kanisa akusemee. Mpe ile sweta mkononi. Usimwambie maneno mengi ya kumfariji, mwache akuulize anachotaka. Wiki hiyo hiyo nenda kwa Waceke, kisha nenda naye kwa hedimani, useme ukweli mbele yake, na mbuzi alipwe kwa mbuzi hata ikibidi uchume kahawa mpaka Desemba. Habari ya kupanda iache kabisa mpaka mama mkwe aizungumze mwenyewe. Akichagua mti, chimba shimo. Akichagua maua, tafuta mbegu. Asipochagua kitu, uwanja ukae wazi.

Wasomaji, barua hii tulimjibu kwa posta kwanza, hatukutaka aisome gazetini kabla hajafanya linalompasa. Ametuandikia tena, na kwa ruhusa yake tunachapa alichosema.

Ruiru, Juni 1957

Mama Idah, Waceke nimemwambia. Hakunisamehe, lakini alikuja nami kwa hedimani, na mbuzi nitamlipa.

Mama mkwe nilimwambia Jumamosi saa sita mchana. Hakulia. Alishika sweta muda mrefu, kisha akaniuliza, “Alikufa asubuhi au jioni?” Nikasema sijui, sikumuuliza Gerishon. Akasema, “Basi twende akatuambie.” Uwanja hajautaja tena.

Tulipata pasi juzi, tukatembea hadi Thika, tukamkuta Gerishon nje ya kiwanda anangoja zamu yake. Akamsalimia mama mkwe kwa heshima, akamwambia ilikuwa asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya uji. Mama mkwe akauliza, “Alikuwa amekula?”

Gerishon akaniangalia, kisha akasema, “Ndiyo, mama. Alikula akashiba.”

Akashukuru, tukaanza safari ya kurudi. Kufika nusu ya njia akaniambia, “Angalau alikula.” Mimi Gerishon alikuwa amenieleza ile siku ya kwanza kwenye kahawa, kwamba kwa siku tatu Gichuru hakuweza kumeza hata maji. Nikamwambia, “Ndiyo, maitu, alikula,” tukaendelea kutembea.